Mkono Ulioapa

Mwanangu Dovran anaamini nimekufa. Ana miaka saba, hasikii wala hasemi, na hakuna aliyemwambia hivyo. Alikaa akafikiri mwenyewe, akaona ndivyo ilivyo. Mimi niko Istanbul, ghorofa ya nne, namchemshia supu bibi wa watu, mzima wa afya, na sina njia ya kumjulisha mwanangu kwamba bado napumua.

Wanaonihurumia hushangaa. "Si umpigie simu?" wananiambia. Nimpigie simu kiziwi. Kwetu Tejen simu ya mezani inaita vizuri tu, na nyumba nzima inaweza kunisikia isipokuwa yule mmoja ninayemtaka. Ninachohitaji ni picha, picha inayotembea na kujibu, na picha hiyo hupita kwenye mtandao, na mtandao wa Turkmenistani umefungwa kama duka siku ya msiba. Kila kitu ambacho watu wa huku hutumia kuonana, kule kimezibwa. Hata ukurasa wa mapishi ya keki utauita hadi uchoke. Njia ni moja tu, VPN, ile programu ya kupitia mlango wa nyuma, na sisi tunaiita ufunguo. Ufunguo unapita wiki mbili tatu, wanaugundua, unakufa, unatafuta mwingine. Jumapili, siku yetu ya mapumziko, wanawake wa Kiturkmeni hukutana kwenye bustani ya Zeytinburnu tukitafuna mbegu za alizeti, na kabla ya kuulizana hali za watoto tunaulizana ni ufunguo gani unaopita leo.

Jina langu Ogulgerek, yaani mvulana anatakiwa. Ni jina wanalopewa wasichana wa kwetu wazazi wakishachoka kuzaa wasichana. Niliolewa na Nepes, mtoto wa mzee Hojaberdi, na kama kila mwali nilipoingia kwenye nyumba ile nilichukua ncha ya mtandio wangu nikaishika kwa meno. Kuanzia siku hiyo mke hasemi na baba mkwe. Si kwamba anasema kidogo. Hasemi. Mama mkwe, Mungu amrehemu, baada ya muda alinipa kitambaa cha gauni akanifungulia mdomo mbele yake, lakini kwa mzee mdomo wangu haukufunguka hata siku moja. Nikitaka kumwambia chai tayari, nilimwonyesha kwa mkono. Ng'ombe amezaa, mkono. Nepes ana homa, mkono. Yeye alinijibu kwa mdomo, maana yeye si mkwe wa mtu.

Mtu wa nje anaweza kuona ni mchezo. Si mchezo. Mke anayemfungulia baba mkwe mdomo bila ruhusa ni kama amejitoa kwenye nyumba ile, na akijitoa, anatoka yeye na mtandio wake. Mtoto ni wa nyumba.

Dovran alipozaliwa tukagundua hasikii, majirani walikuja kunipa pole wakalia hadi nikawachemshia chai mimi. Sikuona msiba wote waliouona wao. Lugha ya mikono ilikuwa imeshaingia nyumbani kwa sababu yangu, kazi iliyobaki ilikuwa kuiongezea maneno. Babu yake tulimwita kwa kushika ndevu. Bibi yake kwa kuzungusha mkono kichwani, kwa sababu ya vile alivyokuwa akijifunga mtandio wake mweupe, mizunguko mingi. Mimi alinipa jina mwenyewe akiwa bado anatambaa: vidole viwili vinabana midomo. Ndivyo alivyoniona maisha yake yote, mdomo umebanwa.

Kisha Nepes akaenda Urusi kutafuta kazi, akapata kazi na mke. Simlaani, sina muda. Mtu alitakiwa kulisha nyumba, nikaja Uturuki kulea wazee wa wenzangu. Sasa namlea Bibi Nezahat, mwalimu mstaafu, mdadisi hata kwa mambo ya jirani wa ghorofa ya chini, mwenye roho nzuri ukishamzoea. Pasipoti yangu imekwisha muda. Huku naweza kukaa kimyakimya nikiwakwepa polisi, lakini nikirudi kwetu sitoki tena. Wenzangu waliorudi kutazama wagonjwa wao bado wako huko huko.

Yote haya niliyavumilia kwa sababu ya wifi yangu Annagul. Huyo ndiye aliyekuwa na simu, alijua kununua funguo sokoni bila kushtukiwa, na kila jioni alimweka Dovran mbele ya skrini. Aliona picha inakwamakwama, akamsumbua baba yake mpaka mzee akaenda ofisi ya simu kuomba mtandao wa nyumbani. Huko karani alimwekea Kurani mezani. Aape kwamba hatatumia VPN. Mzee akaweka mkono, akaapa, akarudi nyumbani na mtandao.

"Aliyeapa ni Baba," Annagul aliniambia akicheka. "Mimi mkono wangu ulikuwa mfukoni." Akafungua ufunguo wake kama kawaida, na mzee alipoona mjukuu anaongea na skrini kwa mikono, alitoka nje kwenda kutazama kondoo ambao walikuwa hawahitaji kutazamwa.

Masika haya mama mkwe akafa. Dovran aliona wanaume wakimbeba kumtoa nje, na akaona hakurudi. Mwezi huohuo ufunguo ukafa. Kabla hatujapata mwingine, Annagul akaolewa. Kwetu nyumba ikifiwa, harusi iliyokwisha kupangwa inafanywa upesi au inangoja mwaka, na upande wa mwanaume hawakutaka kungoja. Wakampeleka mbali, mama mkwe wake akamnyang'anya simu, na sasa naye anauma mtandio wake mbele ya mzee wa mtu mwingine.

Kabla ya kuondoka alinipigia kwa simu ya mezani. Nilidhani anataka kuniaga.

"Wifi, kuna jambo," akasema. "Si unajua Alhamisi tunakaanga maandazi, ili harufu ya mafuta imfikie Mama huko aliko?"

"Najua."

"Dovran anatenga sahani mbili."

Nikamuuliza ya pili ya nani, ingawa moyo ulikuwa umeshajua.

"Anabana midomo," akasema. "Halafu anapangusa uso kwa viganja, kama watu wakimaliza dua, anaweka kiganja chini. Vilevile anavyomsema Mama. Nimemkatalia, nimemtikisia kichwa, nimemwonyesha picha zako. Anakwenda kuniletea picha za Mama, anazipanga pamoja na zako."

Picha hazikumshawishi kitu. Marehemu pia ana picha.

Nikaenda kwa Tawus, mwenzangu wa Tejen mwenye kibanda cha kutuma mizigo pale Laleli, ambaye hakuna kitu kilichofungwa asichokijua. Tulichukua simu yangu ya zamani, akaweka ndani yake ufunguo mpya uliokuwa bado unapita, alama ya ngao ya buluu, unaigusa mara moja tu inafunguka na kunipigia. Nikajirekodi na video vilevile, nikimwambia Dovran kwa mikono kwamba mimi mzima, nipo kazini, nampenda. Mwanamke mmoja, Ogulnabat, alikuwa anarudi nyumbani moja kwa moja, akaibeba kwenye soksi.

Alinipigia akishafika. "Nimewakabidhi. Mtoto ameiangalia."

"Akafanyaje?"

"Alikuuliza kitu. Kwa mikono, mimi sikuelewa. Akangoja umjibu. Wewe kwenye video ukaendelea na mambo yako. Akauliza tena. Video ikaisha. Alilia, dada. Mzee anasema wana video ya harusi yenu, na marehemu yumo ndani anacheza ngoma. Basi kwake ni yaleyale."

"Na ile ngao ya buluu? Ulimwonyesha mzee?"

"Nilimwonyesha. Akanionyesha mkono wake. Akaniambia, binti yangu, mkono huu uliwekwa juu ya Kurani. Akaifunga simu kwenye kitambaa akaitia sandukuni."

Nilikaa jikoni kwa Bibi Nezahat nikamchukia mzee Hojaberdi kwa moyo wangu wote. Nilimchukia zaidi kwa sababu najua ni mtu mwema. Angekuwa mtu mbaya ningejua la kufanya.

Siku iliyofuata nikapiga simu ya mezani. Sikujua nitafanya nini akiipokea. Nilishika kijiko mkononi maana nilikuwa nakoroga supu.

"Halo," akasema. Nikanyamaza. "Halo, nani?" Nikanyamaza. Kisha, polepole: "Kama ni mkwe wangu, gonga."

Nikagonga simu kwa kijiko.

"Mzima?"

Nikagonga.

"Sisi wazima. Mtoto amekula. Mara moja ni ndiyo, mara mbili ni hapana, sawa?"

Nikagonga mara moja.

"Najua unataka nini." Nilimsikia akiketi, goti lake likilalamika kama kawaida yake. "Sikiliza, mkwe. Nina miaka sabini na ushei. Si muda nitaulizwa huko mbele, nami nitajibu nini? Kwamba karani alinilazimisha? Hakuna aliyenishika mkono. Niliuweka mwenyewe kwa sababu niliutaka mtandao. Nilijua wanachokiomba ni upuuzi, na bado niliapa. Sasa upuuzi ni wao, kiapo ni changu. Umenielewa?"

Nikagonga mara mbili.

"Hukunielewa, au hukubali?"

Swali la namna hiyo halijibiki kwa kijiko. Nikagonga hovyo, mara nyingi, kwa hasira, na nadhani alielewa, maana alicheka kidogo, kicheko kisicho na raha ndani yake.

"Nami ningegonga hivyohivyo," akasema. "Kaa salama, mkwe."

Bibi Nezahat alikuwa amesimama mlangoni na mkongojo wake. "Binti yangu, unampigia nani simu kwa kijiko?"

Nikamweleza. Alikaa akasikiliza hadithi yote, supu ikaungua, na mwisho akauliza, "Huyo mwanao nitamwona lini?" Kama kwamba mimi ndiye ninayemficha.

Jumapili nilimweleza Tawus. Hakunionea huruma, hana tabia hiyo.

"Kwa hiyo tatizo ni mdomo wako," akasema akitema ganda la mbegu.

"Tatizo ni mtandao."

"Mtandao ninao, nimeutia kwenye simu kwa mkono wangu, umelala sandukuni. Nakuuliza wewe. Uko Istanbul, unavaa suruali, unabishana na polisi kwa Kituruki, halafu mzee wa Tejen akisema halo unatafuta kijiko."

"Nikisema naye nimetoka kwenye nyumba, Tawus. Akitaka atasema hivyo mbele ya wazee wa ukoo, na hakuna atakayembishia. Dovran sitamwona tena."

"Na sasa unamwona?"

Nikapangusa maganda ya mbegu magotini.

"Mwenzangu, kwa yule mtoto umeshakufa," akasema, safari hii kwa upole kidogo. "Unaogopa watakufanya nini kingine?"

Nilimchukia na yeye pia siku nzima. Lakini jioni Bibi Nezahat alipojinyoosha kwenye kochi na chai yake, niliingia jikoni, nikafunga mlango, nikapiga. Mzee aliposema halo, nilijikuta nimeshika ncha ya mtandio, na sikuwa nimevaa mtandio, nilikuwa nimeshika kola ya blauzi. Nikaiachia.

"Baba," nikasema. "Ni mimi, Ogulgerek."

Hakukata.

"Sikupigii kukuvunjia heshima. Umenilea kama mwanao na sijasahau. Lakini mwanangu ananizika kila Alhamisi, Baba, na mimi niko hai. Picha hazimsaidii, video haimsaidii. Anataka mtu anayemjibu. Uliapa, najua. Kiapo kina kafara yake, unaijua kuliko mimi. Mtoto akikua akijua mama yake alikufa akiwa na miaka saba, hiyo kafara yake ni nini? Niambie na mimi nitailipa."

Nilisema maneno mengi zaidi. Miaka yote ya maneno ilikuwa imejazana pale, yalitoka hata yasiyohusika, nilimtaja Nepes, nilitaja ng'ombe. Nilipoishiwa, mkonga wa simu ukawekwa chini, polepole, na simu ikakatika.

Sikulala vizuri siku zilizofuata, na mchana nilifanya kazi kama niliyepigwa. Nilimpa Bibi Nezahat dawa za asubuhi jioni, akanirudishia mwenyewe akinicheka. Kila simu ilipolia nilitegemea kusikia sauti ya mzee fulani wa ukoo ikiniambia kwa adabu kwamba sina tena nyumba Tejen. Sikuweza kurudi, sikuweza kubaki, na mdomo niliokuwa nimeufungua haungeweza kufungwa tena. Nilizunguka kwenye ile jikoni ndogo kati ya sinki na dirisha kama kitu kilichowekwa kwenye kopo.

Alasiri moja Bibi Nezahat alikuwa amekwenda kutawadha, nami nilikuwa nakunja nguo, simu ikalia ule mlio wa picha. Niliangalia jina nikadhani nimekosea kusoma.

Skrini ilijaa ndevu. Kisha dari, kisha dole gumba kubwa, kisha uso wa mzee Hojaberdi, karibu mno, macho yamekaza. Sauti haikupita kabisa. Niliona midomo yake ikisema kitu, hakuna kilichonifikia, akatambua, akaacha. Halafu yeye, ambaye tangu niolewe sikuwahi kumwona akinijibu kwa mkono, aliinua mkono uleule alioapia, akajigusa kifua, akafunga mdomo kwa kiganja, akaonyesha vidole vitatu.

Anafunga siku tatu, kafara ya kiapo. Hana cha kuwalisha maskini kumi, kwa hiyo anafunga. Ameshakivunja.

Nililia hapohapo, sikujizuia. Akageuza simu.

Dovran alikuwa amesimama mbali, mgongo ukutani. Amerefuka. Wamemnyoa vibaya. Alinitazama kama anavyotazama televisheni, bila kutegemea chochote. Nikabana midomo yangu kwa vidole viwili, nikajipiga kifua: mama, hapa. Hakutikisika. Video yangu pia ilisema hivyo. Nikatafuta kitu, chochote, ambacho video isingeweza kukijua, na nikakiona. Nikamwonyesha: shati lako, kifungo cha juu, kiko wazi.

Aliinamisha kichwa akatazama shati lake. Kifungo kilikuwa wazi. Akakifunga taratibu, kisha akainua macho, na niliona jambo likimwingia usoni kama mtu anayeamka. Nikamwambia, hapo sawa, sasa umependeza. Akaja mbio hata skrini ikamezwa na pua yake. Akarudi nyuma kidogo ili mikono ionekane.

Akazungusha mkono kichwani. Bibi. Akanyoosha kidole kwangu, kwangu kabisa, ndani ya skrini. Bibi yuko hapo?

Nilikuwa nimengoja maswali yote isipokuwa hilo. Alikuwa amefikiri tena mwenyewe, na alikuwa na haki. Wawili walipotea pamoja, sasa mmoja ameonekana yuko mahali fulani, ana rangi, anajibu. Basi wa pili naye yuko hukohuko. Picha ilikuwa inakwama na kwenda, inakwama na kwenda. Nikainua viganja vyote viwili kuelekea usoni ili nijipanguse, nimwambie hapana mwanangu, bibi alikwenda udongoni, mimi peke yangu ndiye niliye hapa.

"Ni yeye?" sauti ikasema nyuma yangu. "Ni mtoto? Nionyeshe na mimi."

Bibi Nezahat alikuwa ametoka kutawadha, amejifunga mtandio wake mweupe wa sala. Aliegemea bega langu, akatia uso wake kwenye skrini, akampungia mkono mwanangu na tabasamu lake lote.

Nilimwona Dovran akimwona. Sijawahi, tangu nimzae, kuona furaha ya namna ile kwenye uso wa mtu. Mdomo wake ulifunguka wazi, mikono ikainuka juu kichwani izunguke, na hapo picha ikasimama. Viganja vyangu bado vilikuwa hewani. Nikavipitisha usoni, nikakiweka kimoja chini, nikarudia, nikarudia, nikiliambia lile tabasamu lililoganda. Kisha skrini ikawa nyeusi. Nilipiga tena mpaka chaji ikaisha.

"Nimefanya nini?" Bibi Nezahat akauliza, maana aliniona uso. Nikamwambia hajafanya kitu, akasali.

Kesho yake asubuhi mzee alinipigia kwa simu ya mezani, jambo ambalo hajawahi kulifanya maishani mwake.

"Mkwe," akasema.

Sikujua nimjibu kwa kitu gani. Nilitazama meza kama kuna kijiko.

"Sema tu. Ulishasema."

"Nakusikia, Baba."

"Ile ngao imekuwa ya kijivu. Nimeigusa usiku na asubuhi, haifunguki."

"Imekufa. Huwa zinakufa."

"Haya." Akakohoa. Nyuma ya sauti yake kulikuwa na mlio, kitu kinakwaruza sakafu, kinakwenda na kurudi. "Yule mama mwenye mtandio mweupe ni nani?"

"Ni bibi ninayemlea."

"Nilidhani hivyo. Tangu alfajiri mtoto anafagia chumba cha marehemu. Ametoa godoro nje kulianika. Ananiambia mnakuja wote wawili."

Ule mlio ulikuwa ufagio. Sikuwahi kumsikia mwanangu kwenye simu, tangu niondoke, na sasa nilikuwa namsikia.

"Mwambie si kweli, Baba."

"Nimwambie mimi? Mimi ndiye niliyemwonyesha kaburi mara ya kwanza. Ilinichukua wiki nzima anielewe. Mwambie wewe."

"Vipi, Baba? Kwa kitu gani? Hiki kinachopita hapa ni sauti."

Ufagio ukaendelea. Mwanangu anafagia vizuri, kwa nguvu, hadi pembeni, nilimfundisha mimi. Nilifikiria Tawus atafute ufunguo mwingine, apatikane msafiri mwingine, soksi nyingine, na mwezi upite, na Dovran akae kwenye kile chumba safi akingoja watu wawili.

"Nakuja," nikasema.

"Ukija hutoki tena."

"Najua."

"Na tutakula nini?"

"Sijui, Baba. Tutakula hichohicho, pamoja."

"Basi nimwambieje?" akasema. "Nataka asafishe akijua anamsafishia nani. Nielekeze mikono. Ya kwako naisoma, lakini kusema sijui."

Nikafumba macho ili niione vizuri. "Weka simu mezani kwanza uwe na mikono miwili. Kaa mbele yake, mwangalie. Zungusha mkono kichwani, hapo umemtaja bibi. Pangusa uso, kiganja chini. Usiharakishe hapo. Akikukatalia, rudia. Halafu bana midomo, hapo umenitaja mimi. Nyoosha kidole kimoja. Kimoja tu, Baba, na kile kingine ukishushe aone unakishusha. Halafu mkono uje kwako, hapo umesema anakuja."

"Bibi, udongo," akarudia polepole. "Mama. Mmoja. Anakuja."

"Ndivyo."

Nikasikia mkonga ukilazwa juu ya meza. Nikasikia goti lake, na hatua zake zikienda kule kwenye ule mlio. Nilibana simu sikioni kwa mikono yote miwili. Ufagio ulikwaruza mara nyingine, na nyingine, kisha ukasimama.

Nikangoja uendelee.